Maji ya Ihefu Yanaanzia Kwenye Banio

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mnaojifunza kuongoza watalii, ahsanteni kwa kunipokea hapa Rujewa.

Mmeniomba nizungumzie ndege wa Ihefu, tindiga letu, yaani kinamasi kikubwa cha Bonde la Usangu. Nitafika kwao, ila naanza na mwamba. Maji ya tindiga lile yana mlango mmoja wa kutokea, pale Ng'iriama, na mlango huo una kizingiti cha mwamba. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huteremka kutoka milimani na kulijaza. Kina kikiwa juu ya mwamba, maji yanapita, na mto Ruaha Mkuu unakwenda zake Hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi mto Rufiji. Kikishuka chini ya mwamba, hata kwa shubiri moja, halipiti tone. Ihefu bado ina maji, lakini mto umekatika.

Ndivyo ulivyokatika kiangazi cha 1993, na miaka iliyofuata ukakatika tena na tena.

Sasa ndege. Mto unapoanza kukauka wanaonekana wengi kuliko kawaida. Korongo, yangeyange na mwari hukusanyika kwenye madimbwi kwa sababu samaki wamebanwa humo. Mgeni mwenye kamera hufurahi sana. Vijana, msimwache aondoke akidhani ameona neema! Mwambieni kwamba samaki hao wakiisha, tai mlasamaki atahama, na viboko watabaki wamerundikana kwenye tope. Korongo taji ndiye anayeniumiza zaidi. Yeye hujenga kiota kwenye majani marefu yaliyosimama majini, na maji yale ndiyo ulinzi wake. Yakiwahi kuondoka, walao nyama wanafika kwenye kiota kwa miguu.

Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikapita kilomita za mraba 20,000. Kabla ya hapo, 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa bondeni pamoja na mifugo yao, na gharama hiyo ilikuwa kubwa. Ninachosema mimi ni kwamba mpaka ule unalinda tindiga, haulindi maji yanayoliingia. Hayo yanashikwa huku juu, kwenye mabanio yetu, pale tunapoyachepusha maji ya mto kuingia mifereji ya mashamba.

Simwambii mtu aache mpunga. Masika maji yanatutosha sote. Shida ni kiangazi, mpunga umeshavunwa, majaruba matupu, na mfereji mkuu bado uko wazi. Maji yale yanasambaa kwenye magugu, jua linayachukua, wala hakuna anayeyala. Lakini tuseme ukweli wote: wapo akina mama wanaochota maji ya nyumbani mferejini humo humo. Ukifunga banio bila kuchimba kisima, umewaadhibu wao. Kwa hiyo kisima kwanza, banio baadaye, na jumuiya ya watumia maji isimamie yote mawili.

Ninyi vijana, Ruaha wageni hutembea kwa miguu wakiwa na askari. Anzeni ziara zenu huku: mgeni aone banio, aone jaruba na yangeyange wake, alipe kijijini, ndipo aende hifadhini. Na jumuiya itakapokaa kupanga zamu za maji za kiangazi hiki, ombeni viti viwili kwenye kikao hicho.