Watu wamepungua, sufuria ni ile ile

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu mlioanza kustaafu, habari za asubuhi. Mada niliyopewa ni jiko la nyumba iliyobaki na watu wawili, au mmoja. Nimefundisha sayansi kimu kwa muda mrefu, na nitaanza na sufuria kabla ya soko. Watoto wameolewa, wengine wako Mwanza, wengine Muscat, lakini sufuria iliyolisha watu wanane bado iko jikoni, na ndiyo inayotupangia kiasi.

Chukua wali. Ukipika robo kilo ya mchele, inayowatosha watu wazima wawili, kwenye sufuria pana, maji yanatandaa na kukauka upesi. Chini kunashika, juu kuna kiini. Mpishi anaongeza mchele ili sufuria "ikubali", na jioni kuna kiporo cha kesho na keshokutwa. Nunueni sufuria ndogo yenye kina na mfuniko unaobana. Mkipunguza mchele, msikate maji kwa hesabu ile ile, maana yanayopotea kwa mvuke hayapungui sawasawa na mchele. Ongezeni kidogo. Chumvi nayo ipimeni kwa kijiko, kwa sababu mkono umezoea chungu cha watu wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na wengi humu tuna presha.

Hicho kiporo kinanitia wasiwasi zaidi. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali ukilala juu ya meza kwenye joto la Dar es Salaam, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kiingie kwenye friji. Asiye na friji apike wali wa kumaliza mlo huo huo.

Lakini si kila kitu kipikwe kidogo. Maharage yanakula karibu gesi ile ile yawe kikombe kimoja au nusu kilo. Loweka usiku, chemsha nusu kilo yote bila kuunga, gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja, weka kwenye friza. Siku ya kula unaunga fungu moja kwa kitunguu na nyanya. Makande hivyo hivyo, na supu ya nyama. Nazi moja ni nyingi kwa wawili: ikune yote, nusu itumie leo, nusu igandishe kabla haijachacha.

Sokoni, wengi wetu tunajiona wanyonge kusema "nipimie robo." Mama aliyezoea kutoka Kariakoo na gunia anaona aibu kununua fungu moja la nyanya. Hakuna aibu hapo. Kiroba cha kilo 25 kina bei nzuri kwa kilo, lakini bei hiyo ina maana mkikimaliza kabla ya wadudu. Dona haikai kama sembe, kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta yanayochacha. Sagisheni ya wiki chache tu. Na unga au mahindi yaliyopata unyevu yasionewe huruma. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Najua swali mlilo nalo: mgeni akija? Hofu hiyo ndiyo inayojaza sufuria zetu kila siku, na ni hofu ya heshima, siibezi. Mimi nawaomba akiba ya mgeni ikae kabatini badala ya kukaa sufuriani. Mayai, dagaa wakavu kwenye kopo linalofunga vizuri, unga, vitunguu, na lile fungu la maharage kwenye friza. Maji ya ugali yakichemka, mboga nayo inakaribia kuiva. Mgeni atakula cha moto, na siku asipokuja hakuna kilichomwagwa.

Sasa aliyebaki peke yake. Huyu ndiye ninayemfikiria sana. Anasema, "Nimpikie nani?" na kila usiku ni chai na mkate. Mwili wa mzee unahitaji protini ili misuli isiishe; chai na mkate haviwezi kazi hiyo. Kama kuna jirani aliye peke yake pia, kubalianeni: leo yeye achemshe choroko, kesho wewe samaki, mpelekeane bakuli. Gharama inagawanyika, na anayepika ana mtu wa kumpikia.

Nimemaliza upande wangu. Karibuni maswali, na wasio na friji waanze, maana sikuwagusa vya kutosha.