Jicho Linalokwenda na Swali: Mhadhara juu ya Kutafuta Yaliyofichika katika Picha za Setilaiti

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie maajabu yanayoweza kuonekana katika picha za setilaiti zilizomo mtandaoni, na wanaonifahamu wameshajua nitaelekea wapi. Sitaeleza namna ya kufungua Google Earth wala namna ya kuvuta picha karibu, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini ameshafanya hivyo, na wengi wenu mlianza kwa kutafuta paa la nyumba yenu. Jambo ninalolisema kila ninapopewa jukwaa, na ambalo nitalisema tena leo, ni kwamba picha haimgundulii mtu kitu. Anayegundua ni yule anayeifungua akiwa na swali lililozaliwa na kazi anayoijua, na asiye na swali huishia kuokota nyuso za watu katika miamba.

Tazameni Mlima Mabu, ulioko katika jimbo la Zambézia, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 2005 mwanaikolojia Julian Bayliss alikuwa akifanya kazi upande wa Malawi, na milima ya huko aliifahamu vizuri pamoja na viumbe wake. Alijua kwamba miinuko inayopata mvua ya kutosha huhifadhi misitu iliyotengana na mingine kwa muda mrefu sana, na kwamba ndani ya misitu hiyo hupatikana spishi ambazo hazipo penginepo popote. Kwa hiyo hakuzurura ovyo juu ya picha. Alijiuliza ni wapi, ng'ambo ya mpaka, palikuwa na milima mirefu kiasi cha kubeba msitu wa aina ile, akaitafuta milima hiyo mmoja baada ya mwingine, na katika Mabu akaona doa la kijani kilichokolea mahali ambapo maandiko ya kisayansi hayakutaja msitu wowote. Mwaka 2008 msafara mkubwa wa wataalamu, wakiwemo wa Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Kew ya Uingereza, ulipanda huko ukakuta msitu wa takriban hekta 7,000, na kutokana na msitu huo sayansi ikapata vipepeo wapya, kinyonga mpya, na nyoka mpya wa jamii ya vifutu ambaye leo anaitwa Atheris mabuensis.

Najua yupo atakayenyanyua mkono kuniambia kwamba Bayliss hakuugundua msitu ule, kwa sababu watu waishio chini ya mlima waliujua siku zote. Amesema kweli, na sitaki mtu yeyote atoke humu akiamini vinginevyo. Wenyeji wa Mabu waliwinda ndani ya msitu huo, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyomalizika mwaka 1992, walijificha humo. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja yangu. Kama watu walikuwa wakiishi kando ya msitu na kuutumia, basi kilichokosekana hakikuwa macho, bali mtu wa kuuliza ni viumbe gani wamo ndani yake na kuwaandika. Picha ilimwonyesha Bayliss mahali pa kwenda kuuliza. Ndiyo maana hunikera kumsikia mtu akijisifu kuwa ameona mahali pasipojulikana na mtu yeyote duniani, ilhali njia ya miguu inaonekana katika picha hiyohiyo, na yeye hajafikiria kumuuliza hata mmoja wa watu wanaopita katika njia hiyo.

Bayliss huyohuyo, mwaka 2012, aliuona katika picha Mlima Lico, ulioko pia kaskazini mwa Msumbiji, ambao kuta zake za mwamba zimesimama wima na juu yake umeota msitu. Mwaka 2018 wataalamu waliupanda kwa kamba, na mtu yeyote angetarajia kwamba mahali pa namna ile hapajawahi kukanyagwa na binadamu. Walikuta vyungu. Watu walikwisha kufika juu kule zamani, wakaviacha, wakaondoka. Hakuna setilaiti ambayo ingevionyesha vyungu vile chini ya miti, na nawaomba mkikumbuke kisa hiki kila mnapojaribiwa kusema kwamba sehemu fulani haijaguswa kwa sababu tu kutoka juu inaonekana hivyo.

Niende haraka kidogo. Lee Berger, mtafiti wa mabaki ya kale ya jamii ya binadamu nchini Afrika Kusini, alianza kwa kuweka alama katika Google Earth kwenye mapango yaliyokwisha kujulikana, ili ajifunze jinsi pango linavyoonekana likitazamwa kutoka angani. Akatambua kwamba katika nyika ile vishada vya miti huota kwenye midomo ya mapango. Kwa kufuata alama hiyo alipata mapango mengi mapya, na Agosti 2008, katika eneo la Malapa, mwanawe wa miaka 9 aliokota jiwe lenye mfupa wa mtulinga. Kiumbe mwenye mfupa huo aliishi karibu miaka milioni 2 iliyopita, na mwaka 2010 alitangazwa kwa jina la Australopithecus sediba. Huko Antaktika vilevile, katika picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ambamo kila nukta hufunika mita 30 za ardhi, hakuna atakayemwona pengwini mmoja. Wataalamu wa British Antarctic Survey, shirika la Uingereza la utafiti wa Antaktika, walitafuta madoa ya kahawia ya kinyesi juu ya barafu nyeupe, wakapata makundi ya uzazi ya pengwini ambayo hayakuwa katika kumbukumbu zao. Madoa ya namna hiyohiyo yaliwapeleka watafiti wengine kwenye Visiwa vya Danger, ambako, kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2018, walihesabu zaidi ya jozi 750,000 za pengwini wa Adélie.

Hapa huwa naulizwa kuhusu kreta ya Kamil, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, kusini magharibi mwa Misri, kwa kuwa Vincenzo De Michele aliiona mwaka 2008 bila kuitafuta. Naam, aliiona kwa bahati. Lakini De Michele ni mtaalamu wa madini. Shimo lile lina upana wa mita 45 tu, na katika jangwa lote lile ni wangapi walipita juu yake kwa kipanya cha kompyuta wasitulie? Yeye alitambua kwamba udongo uliorushwa pande zote kama miale ni dalili ya pigo la kimondo. Msafara wa Waitaliano na Wamisri ulipofika mwaka 2010 ulikusanya zaidi ya tani moja ya vipande vya chuma kilichotoka angani. Bahati ilimfikia mtu aliyekuwa tayari kuitambua.

Sasa nizungumzie nyuso, maana najua wengine mmezifuata hizo. Huko Alberta, Canada, kuna umbo linaloitwa Badlands Guardian, ambalo hufanana na kichwa cha mtu aliyevaa taji la manyoya, na hata waya wa kusikilizia muziki unaonekana sikioni. Waya huo ni barabara inayokwenda kwenye kisima cha mafuta au gesi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba uso wenyewe, unaoonekana kama umetokeza juu, ni bonde lililochimbwa na maji. Sababu yake ni ya kudumu, na kila mtafutaji anapaswa kuijua kabla ya kitu kingine chochote. Akili zetu zimezoea mwanga unaotoka juu. Katika sehemu kubwa ya kizio cha kaskazini jua huangaza kutoka kusini, na katika picha kusini iko chini, kwa hiyo mwanga huingia kutoka upande ambao akili haikuutarajia, nayo huligeuza bonde kuwa kilima na kilima kuwa bonde. Dawa yake ni kuizungusha picha hadi kusini ije juu, kisha utazame upya. Nimeona watu wakikataa kufanya jambo hili dogo kwa sababu wanaogopa kuupoteza uso walioupenda, na hilo si tatizo la macho tena.

Kuna mitego mingine ambayo nitaitaja kwa kupita. Ndege inayoonekana imelala katikati ya msitu, au chini ya maji, ikiwa na vivuli vya nyekundu, kijani na buluu pembeni yake, haikuanguka. Ilikuwa ikiruka, na kamera ya setilaiti ilizipokea rangi hizo kwa nyakati zilizopishana kidogo sana. Mistari iliyonyooka chini ya bahari karibu na Visiwa vya Kanari, ambayo mwaka 2009 ilivumishwa kuwa mitaa ya Atlantis, mji wa hadithi unaosimuliwa kuwa ulizama baharini, ni njia za meli zilizokuwa zikipima kina kwa mawimbi ya sauti. Na Kisiwa cha Sandy, kilichochorwa katika Bahari ya Matumbawe kati ya Australia na Kaledonia Mpya, hakipo kabisa. Mwaka 2012 wanasayansi wa Australia walifika kwa meli mahali pake, wakapima kina cha zaidi ya mita 1,300. Kosa hilo lilirithiwa kutoka ramani moja hadi nyingine, na hatimaye likaingia katika kompyuta zetu.

Lipo pia umbo la ndege katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, lililopangwa kwa mawe meusi ndani ya duara kubwa. Tafadhali msiliorodheshe pamoja na vioja. Ni kumbukumbu ya watu 170 waliofariki katika ndege ya shirika la Kifaransa la UTA, safari namba 772, mnamo Septemba 19, 1989. Familia zao ziliijenga mwaka 2007 na kuweka vioo 170 vilivyovunjwa, kimoja kwa kila marehemu. Anayekutana nalo anapaswa kuuliza ni nani aliyelijenga na kwa nini, kabla hajaita watu waje kushangaa.

Muda unaniishia. Picha za Landsat zipo tangu mwaka 1972, na tangu 2008 zinatolewa bure. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ambazo nukta yake hufunika mita 10, hurudia mahali palepale kila baada ya siku chache. Ukiona kitu, andika latitudo na longitudo yake pamoja na tarehe ya picha, kisha kitafute katika picha za miaka mingine na za majira mengine. Kikiwepo katika zote, mpelekee mtaalamu wa fani inayohusika, umweleze ni maelezo gani mengine umeshayafikiria na kwa nini umeyakataa. Nilikusudia pia kuzungumzia sehemu zinazofichwa kwa makusudi kwa kutiwa ukungu katika picha, lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa, kwa hiyo suala hilo nitalijibu katika maswali.