Nzuri, Ila…

ZUHURA: Assalamu alaikum, hamjambo, karibuni tena barazani kwetu. Mimi ni Zuhura, nipo na mdogo wangu Elia kama kawaida. Elia, habari za tangu wiki iliyopita?

ELIA: Shikamoo, dada. Nzuri tu.

ZUHURA: Marahaba. Umejisikia lakini? Sijamaliza kuuliza, wewe umeshajibu "nzuri tu". Leo nataka tukae hapo hapo. Juzi nilikwenda kwa fundi wangu wa cherehani, huku kwetu Temeke, kupimwa gauni la harusi ya mpwa wangu. Ananipima kiuno, pini kazibana mdomoni, nikamuuliza, "Habari za nyumbani?" Akasema, "Nzuri," na pini zake hivyo hivyo. Akapima bega, akaandika kwenye kadaftari kake. Akapima mkono. Halafu akatoa zile pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto. Ndipo akasema, "Nzuri, ila…"

ELIA: Eeh. Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe.

ZUHURA: Ndiyo yenyewe! "Ila mtoto hajaripoti shule." Binti yake kapangiwa bweni, kidato cha kwanza. Wenzake wameripoti tangu Januari. Sare kamshonea mwenyewe, imetundikwa pale ukutani, imepigwa pasi kabisa. Kilichobaki ni godoro, viatu, ndoo na nauli. Na mimi nimeshasimama, namsikia konda anaita pale kituoni. Nikamwambia, "Pole mwaya, Mungu atafungua njia." Nikapanda gari langu. Elia, usiku ule sikulala vizuri. Mtu katumia kiuno, bega na mkono mzima kutafuta mahali pa kulisema lile neno, mimi nikamjibu nikiwa mlangoni.

ELIA: Na watu wanadhani hakuna gharama tena, kwa kuwa ada ya sekondari ya serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilifutwa 2016. Ni kweli ilifutwa, na imesaidia wengi. Lakini godoro halijafutwa.

ZUHURA: Halijafutwa. Sasa tangu siku hiyo najiuliza kitu kimoja. Sisi watu wa huku tunajisifu kwa kusaidiana katika shida na raha. Na ni kweli. Mtaani kwetu akina mama tuna chama cha kufa na kuzikana, mimi ndiye mweka hazina. Kwa kuwa tunakopeshana pia, ilibidi tujisajili, maana ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inatugusa hata sisi wa kwenye mkeka. Tuna katiba. Mwanachama akifiwa, kiasi fulani. Akilazwa, kiasi fulani. Akijifungua, akioza mtoto, vyote vimeandikwa. Nikachukua ile katiba nikaisoma upya. Hakuna kifungu cha mtu ambaye hajafiwa, hajalazwa, ila amechoka tu. Hakuna kifungu cha mume aliyenyamaza siku ya nne. Hakuna kifungu cha godoro.

ELIA: Yaani tumejipanga kwa ajili ya siku kubwa. Siku ndogo kila mtu yuko peke yake.

ZUHURA: Na maisha mengi ni siku ndogo.

ELIA: Dada, mimi naona wazee walilijua hilo, ndiyo maana salamu zao zilikuwa ndefu. Kwetu Iringa mtu anakwambia "kamwene", unaitika "kamwene", na hapo hamjaanza. Anauliza watoto, anauliza mahindi, anauliza ng'ombe, anauliza yule mgonjwa wa mwaka jana. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona babu ananichelewesha tu njiani. Leo naelewa alikuwa anampa mwenzake muda wa kuifikia "ila" yake.

ZUHURA: Na sisi pwani tuna "pole". Mtu akikwambia pole unajibu "nimeshapoa". Nalipenda sana jibu hilo, maana unamwambia mwenzio kuwa neno lake limekufikia, limekupunguzia joto. Siku hizi pole tunaitupa tu. Pole na kazi, pole na foleni, pole na mvua, na mtu keshapita.

ELIA: Na kwenye simu ndiyo kabisa. Kwenye makundi ya WhatsApp ukipita msiba, wa kwanza anaandika "Poleni wafiwa, Mungu awatie nguvu", na wengine arobaini wananakili. Halafu mchango unatumwa, jina linaandikwa kwenye orodha, basi. Mtu anahesabu kwamba amehudhuria.

ZUHURA: Hapo nikubishie kidogo. Simu naitetea, kwa sababu ya mdogo wangu aliye Muscat. Anafanya kazi za nyumbani huko. Baba alipofariki hakuweza kuja, ruhusa hakupata. Siku ya hitima tulikuwa uani, wanawake tunamenya vitunguu saumu, sufuria ziko kwenye mafiga, moshi mtupu. Akapiga simu ya video. Mimi mikono yote inanuka saumu, nikaiegemeza simu kwenye birika, pale chini, katikati yetu. Nikasema akiona uso wangu inatosha. Wala hakuongea sana! Alikaa tu. Sisi tunamenya, tunasimuliana habari za baba, huyu anacheka, yule anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Saa nzima na ushee. Mara moja akasema, "Dada, hiyo punje umeiacha na ganda." Wanawake wote wakacheka. Alikuwepo, Elia. Alikuwepo uani.

ELIA: Aisee.

ZUHURA: Na kuna ndugu zetu wa hapa hapa mjini, nauli ya daladala tu, waliotuma hela na hawakuja. Hela ilisaidia, wali ulipikwa, nawashukuru. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwa mama siku ile alikataa kula mpaka mtu wa Muscat alipomwambia, "Mama, nawe kula basi, na mimi hapa nakula."

ELIA: Basi tofauti ni kukaa. Uwe kwenye mkeka, uwe kwenye simu.

ZUHURA: Hiyo hiyo.

ELIA: Ngoja nikupe ya kwetu. Babu yangu alipofariki, tulikuwa tumekaa pale kwenye turubai, kimya, watu wameinama. Sisi Wahehe watani wetu ni Wangoni. Mababu walipigana vita kali karne ya 19, na leo wajukuu ndio wanaotaniana misibani. Basi akatokea mzee mmoja Mngoni, rafiki wa babu wa miaka mingi. Akaingia ndani bila kuuliza, akatoka amevaa koti la babu na kofia yake, ameshika na ule mkongojo. Akaanza kutembea kama babu, na ule mguu wa kushoto aliokuwa anauburuta kidogo. Akaja mpaka kwa baba yangu, akasema kwa sauti ya babu, "Nani kachukua tumbaku yangu?"

ZUHURA: Loo!

ELIA: Dada, watu walicheka mpaka wakalia. Baba yangu hakuwa ametoa chozi tangu juzi yake. Alicheka, kisha kilio kikamtoka, yule mzee akamshika akiwa bado amevaa koti la babu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nikaona kumbe huzuni na kicheko vinakaa kwenye jamvi moja. Na huyo mtani ili aigize vile ilibidi awe anamjua babu. Ule mguu, ile tumbaku. Ungemleta mtu wa kukodi asingeweza.

ZUHURA: Hapo umenigusa. Halafu kuna upande wa pili, raha. Mimi naona raha tunaificha kuliko hata shida.

ELIA: Naam, na hilo lilinikuta. Nilitaka nilisimulie leo, na mke wangu ameniruhusu. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Majirani walijua, kuna mama mmoja jirani alikuwa anakuja jioni anakaa na mke wangu, hamuulizi kitu, wanachambua mchicha tu. Wakati mwingine mke wangu analia, yule mama anaendelea kuchambua. Sasa Mungu akajalia. Tukaogopa. Tukasema tusiseme, watu wana macho. Tukaficha mpaka mwezi wa saba, mitandio mikubwa, hatuendi sherehe. Na yule mama tukamficha pia. Akija jioni, tunasema mgonjwa kalala.

ZUHURA: Mmh.

ELIA: Alipokuja kujua aliambiwa na muuza genge. Akaja, akampa hongera zake vizuri kabisa, akaleta na ndizi. Halafu wakati anatoka akaniambia mimi, pale mlangoni, taratibu: "Baba, mlipokuwa mnalia mlinifungulia. Mlipocheka mkafunga."

ZUHURA: Ya Rabi.

ELIA: Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo linanichoma.

ZUHURA: Mimi sitakulaumu kuogopa, Elia. Kijicho kipo, na kuna watu ukiwaonyesha kiwanja chako wanaanza kuuliza hela umetoa wapi. Mama yangu alikuwa anasema jambo lako lipeleke likiwa limeiva. Sawa. Lakini naona tumeichukua ile hadhari ya kumkwepa mtu mbaya mmoja tukaifungia hata milango ya watu wema kumi. Yule mama alistahili kuchambua mchicha na furaha yenu pia. Alikuwa ameshalipia.

ELIA: Alikuwa ameshalipia. Mtoto alipozaliwa yeye ndiye wa kwanza tuliyempigia. Mke wangu ni Mchagga, mama mkwe alikuwa bado yuko njiani kutoka Moshi, basi yule mama, Mmakonde wa watu, akaelekezwa mtori kwa simu. Ndizi zikaungua kidogo. Mke wangu aliumaliza wote.

ZUHURA: Wacha wee. Mtoto hajambo?

ELIA: Hajambo, anamwita yule mama bibi.

ZUHURA: Alhamdulillah. Elia, na nyinyi wanaume? Maana sisi angalau tuna mchicha na saumu.

ELIA: Sisi tuna kahawa. Pale kijiweni kwetu tunakaa kila jioni, kahawa, kashata, drafti. Mtu yeyote pale atakwambia Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, atakutajia kikosi cha fainali hata ya miaka thelathini iliyopita. Lakini mwaka juzi mwenzetu mmoja alipoteza kazi, akakaa miezi mitatu anatoka nyumbani kila asubuhi na begi, anazunguka mjini, anarudi jioni, anakaa nasi. Miezi mitatu! Tumebishana naye penalti, hatujui.

ZUHURA: Mlijuaje?

ELIA: Muuza kahawa ndiye aliyejua. Kijana mdogo tu. Aliona jamaa ameacha kuchukua kahawa. Anasema tumbo linamsumbua. Siku ya kwanza tumbo, ya pili tumbo, wiki ya pili tumbo. Kijana akamletea kikombe, akakiweka tu mbele yake, akamwambia, "Mzee, hiki nimekimimina kwa makosa, nisaidie kukinywa." Kesho yake tena akakimimina kwa makosa. Siku ya nne jamaa akaanza kusema. Akamwambia yule kijana, sisi tukiwa pale pale tunasikia. Drafti ilisimama.

ZUHURA: Mkafanya nini?

ELIA: Mwanzoni hakuna aliyejua la kufanya, nakwambia kweli. Mmoja akasema pole. Mwingine akataka kuanza kumshauri, tukamwambia nyamaza. Tulikaa. Baadaye mmoja wetu akasema hata yeye kuna mwaka alifanya hivyo hivyo, na begi hivyo hivyo, wiki sita. Tumekaa naye miaka kumi na moja pale, hatukuwahi kujua. Usiku ule tuliondoka saa tano.

ZUHURA: Kazi alipata?

ELIA: Alipata, si kama ile ya kwanza. Mshahara ni mdogo. Ila anakunywa kahawa yake, na zamu ikifika anatulipia wote.

ZUHURA: Umeisema mwenyewe hiyo "ila".

ELIA: Eeh, nimeisema. Dada, na fundi wako? Gauni linakuwa tayari lini?

ZUHURA: Ameniambia Jumamosi.

ELIA: Basi Jumamosi utamuuliza.

ZUHURA: Nitakwenda kesho. Litakuwa halijaisha, atanipa kigoda nimsubiri.