Salamu za Karura: Mazungumzo kuhusu Mwendo wa Pole

MWALIMU: Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena katika kipindi hiki cha sisi tunaokimbia masafa marefu kwa kupenda tu, bila mshahara wala mdhamini. Mimi ni Mwalimu, ninafundisha hisabati katika shule ya upili huku Kasarani, na niko na mwenzangu Mama Baraka, mhasibu anayeishi Ruaka, ambaye majuma mawili yaliyopita amemaliza marathoni, yaani kilomita 42, kwa mara ya tatu. Mama Baraka, hongera sana, na pole kwa safari.

MAMA BARAKA: Asante sana, Mwalimu. Nimeshapoa, na sasa ninashuka ngazi bila kushika ukuta. Leo ningependa tukae juu ya jambo moja tu, nalo ni mwendo wa pole, kwa sababu ujumbe mwingi tunaoletewa ni wa watu walioumia muundi, goti au kisigino kabla hata hawajafika siku ya mashindano, na ukiwauliza walivyokuwa wakifanya mazoezi, karibu wote wanasema walikimbia kwa nguvu zote kila siku.

MWALIMU: Nawe uliwahi kuwa mmoja wao.

MAMA BARAKA: Nilikuwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiingia msitu wa Karura hapa Nairobi Jumamosi asubuhi, kupitia lango la barabara ya Limuru, mara tu walinzi wakifungua, nikaanza kukimbia kama ninayefukuzwa. Siku moja, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, nilikutana na mzee mmoja aliyekuwa akikimbia kwa hatua fupifupi, fulana yake imechujuka rangi, akanisalimia: “Habari ya asubuhi, mama?” Nilitaka kumjibu, lakini pumzi haikutosha hata kwa neno “njema”, nikainua mkono tu nikapita. Jambo hilo liliniuma, maana nimelelewa kwamba salamu ya mtu mzima haiachwi hewani. Baada ya kama nusu saa nilikuwa nimeketi juu ya gogo nikishikilia ubavu, na yule mzee akapita kwa mwendo uleule, akanisalimia kwa maneno yaleyale, na mara hiyo nikapata pumzi ya kumjibu. Tangu siku hiyo kipimo changu cha mbio rahisi ni salamu. Nikikutana na mtu, nikashindwa kumjibu kwa sentensi nzima na kumuuliza watu wa nyumbani kwake wameamkaje, ninajua kwamba nimezidisha kasi.

MWALIMU: Na kipimo hicho kina msingi wake katika mwili wenyewe. Unapokimbia ukiwa bado unaweza kuzungumza, sehemu kubwa ya nishati inatokana na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, na mafuta hayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha. Ukiongeza kasi hadi ukaanza kuhema, mwili unategemea zaidi glaikojeni, yaani ile sukari iliyowekwa akiba kwenye misuli na kwenye ini, ambayo kwa wengi wetu haitoshi kutufikisha mwisho wa kilomita 42. Mbio za pole zinazorudiwa kwa miezi ndizo zinazoufundisha mwili kutumia mafuta vizuri, na ndizo zinazoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli. Halafu kuna suala la kano na mifupa. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya katika muda wa majuma machache, ilhali kano huchukua miezi mingi kukomaa, kwa hiyo mkimbiaji mgeni hujiona ana pumzi ya kwenda mbali, akaenda, kisha kisigino kikamkatalia.

MAMA BARAKA: Simulia kilichokupata katika zile mbio zako za kwanza, kwa sababu nadhani takwimu zako zitawasaidia wasikilizaji kuliko maonyo yetu.

MWALIMU: Nilikuwa nimepanga kumaliza kwa saa 4, na hesabu yake ni rahisi: dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Nikaanza kwa dakika 5. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, watu walikuwa wengi, ngoma zilikuwa zikipigwa kando ya barabara, na mwili ulikuwa mwepesi kiasi kwamba niliona mpango wangu ulikuwa wa woga. Nusu ya njia niliifika kwa saa 1 na dakika 48. Kilomita ya 30 niliifika kwa saa 2 na dakika 37, na hapo nilikuwa bado ninahesabu jinsi nitakavyofika mapema. Kabla ya kilomita ya 31, miguu iligoma. Sikuwa na maumivu. Nilikuwa nikiiamuru isogee, nayo ikawa kama ya mtu mwingine. Kilomita 12 na kidogo zilizobaki zilinichukua saa 2 na dakika 1, na nyingi kati yake nilizitembea. Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 38. Zile sekunde 41 nilizoziokoa katika kila kilomita ya mwanzo nilizilipa kwa dakika nne na zaidi katika kila kilomita ya mwisho.

MAMA BARAKA: Ninaamini kwamba kwetu hapa Kenya kosa hili lina mzizi wa pekee. Tumekulia katika nchi ambayo Naftali Temu na Kipchoge Keino waliiletea dhahabu za Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968, ambayo Catherine Ndereba aliipatia ushindi wa Boston mara nne, na ambayo kijana Samuel Wanjiru aliiletea dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing mwaka 2008. Mtu wa hapa akitoka nje kukimbia polepole, jirani anamuuliza kama ni mgonjwa. Tunaona haya, na haya hiyo inatuharakisha. Lakini wanariadha wenyewe hawana haya hiyo. Aliyepata kupanda Iten au Kaptagat, kule nyanda za juu wanakofanyia mazoezi, anajua kwamba siku za mbio rahisi utawakuta watu wenye medali za dunia wakianza kwa mwendo ambao mimi na wewe tungeweza kuufuata kwa dakika kadhaa, wakizungumza na kucheka. Eliud Kipchoge, tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, yaani dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, na mwili uliofanya kazi hiyo ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi ya asubuhi nyingi za pole.

MWALIMU: Kwangu mimi funzo la subira liko zaidi kwa Kelvin Kiptum. Kule Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35, nusu ya kwanza aliikimbia kwa saa 1 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Nusu ya pili ilikuwa ya kasi zaidi, wakati ambapo binadamu wa kawaida anachoka. London, mwezi Aprili mwaka huohuo, alikuwa amefanya vivyo hivyo. Nilipoziandika nyakati hizo ubaoni, wanafunzi wa kidato cha pili walikokotoa wastani wa kila nusu, na mmoja akaniuliza kwa nini hakukimbia nusu ya kwanza kwa kasi ya nusu ya pili. Nikamwambia kwamba nusu ya pili ilitokana na kile alichoinyima nusu ya kwanza. Miezi minne baadaye, tarehe 11 Februari 2024, Kiptum alifariki katika ajali ya barabarani pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Alikuwa na umri wa miaka 24. Siku iliyofuata niliingia darasani na sikuweza kufuta zile namba.

MAMA BARAKA: Mungu awarehemu. Na ni vyema tuseme hapa kwamba kocha wake alieleza kuwa Kiptum alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa juma. Asije mtu mwenye kazi ya saa nane kwa siku akajaribu kuiga hilo. Mimi ninakimbia siku nne: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili, na jumla haijawahi kupita kilomita 60. Katika siku hizo nne, ni moja tu ya kasi, tena fartlek, neno la Kiswidi lenye maana ya kucheza na kasi: dakika moja ya nguvu, dakika moja ya kupumua, mara kumi na tano, kama wafanyavyo kundi kubwa la Iten kila Alhamisi katika barabara za murram, ila wao ni wepesi na mimi ninaifanya Jumanne baada ya kazi. Siku nyingine tatu ni za salamu.

MWALIMU: Watu husahau pia kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na moyo unafanya kazi zaidi kwa mwendo uleule. Ndugu yangu wa Mombasa alikuja likizo, akajaribu kukimbia nami kwa kasi yake ya kule pwani, na baada ya kilomita tatu akadhani ana tatizo la kifua. Nilimwambia aongeze sekunde 30 kwa kila kilomita, tukaenda pamoja vizuri hadi mwisho.

MAMA BARAKA: Sasa niseme jambo linaloniuma. Katika mbio fulani nilizoshiriki hapa nchini, nilipofika kilomita ya 36 nilikuta meza za maji zimeshakunjwa na barabara imefunguliwa, matatu zinapita ubavuni mwangu zikipiga honi, na tulikuwa bado watu wengi nyuma. Tulikuwa tumelipa ada sawa na waliotangulia. Mtu wa pole ndiye anayekaa juani muda mrefu zaidi, na ndiye anayehitaji maji zaidi. Mwaka 2014 Bi Margaret Kenyatta, wakati huo akiwa mke wa Rais, alikimbia marathoni ya London kwa muda wa saa 7 na dakika 4, akichangisha kwa ajili ya afya ya kina mama na watoto, na alipokewa kwenye utepe kwa shangwe. Siku ile wanawake wengi wa rika langu waliona kwamba umbali huo ni wao pia. Ningependa waandaaji wetu wakumbuke hilo kabla ya kukunja meza.

MWALIMU: Ninakuunga mkono kabisa. Tuzungumzie viatu kidogo, maana maswali ni mengi.

MAMA BARAKA: Raba za mtumba kutoka masoko ya Gikomba au Toi si vibaya, mimi nilianza nazo. Usitazame rangi. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sifongo yake imekufa hata kama juu panang’aa. Kisha igeuze, uangalie kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, mwenye kuivaa kwanza alikuacha na mwendo wake, nao utakuumiza. Chakula sina mengi ya kusema. Ugali na mboga usiku, uji wa wimbi au viazi vitamu asubuhi, na usijaribu kitu kipya siku ya mashindano.

MWALIMU: Na usalama?

MAMA BARAKA: Kwa sisi wanawake hilo ni zito. Saa kumi na moja alfajiri barabara ya Limuru ni giza, na mimi sitoki peke yangu, nimekubali hivyo ingawa ninaudhika. Ndiyo maana Karura, yenye walinzi, ni ya thamani sana kwangu. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale langoni walipokwenda kupanda miti, kwa sababu msitu ulikuwa ukigawanywa kwa wajenzi. Ninapopita chini ya ile mikaratusi, nikisikia vyura kwenye kinamasi na changarawe ikikwaruza chini ya soli, ninajua kwamba bila wao hapa pangekuwa na kuta na mageti ya watu.

MWALIMU: Tumalize na swali la msikilizaji mmoja wa mtaa wa Umoja. Anasema anaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, zimebaki juma 16 kabla ya mashindano, na anataka kujiandikisha kwa kilomita 42. Unamshauri nini?

MAMA BARAKA: Dada yangu, jiandikishe kwa kilomita 21. Juma 16 zinatosha kwa umbali huo bila kuumiza kano. Kila juma ongeza kilomita moja au mbili katika mbio yako ndefu, na kila juma la nne punguza ili mwili upumzike. Ukifika kilomita 18 kabla ya siku yenyewe, umefika. Ile 42 itakungoja mwaka ujao. Na kama una nafasi Jumamosi hii, tutakuwa langoni Karura saa kumi na mbili asubuhi, tutakimbia kilomita 14 kwa dakika 7 na nusu kwa kila kilomita, na hakuna atakayeachwa nyuma.

MWALIMU: Yule mzee wa salamu bado huja?

MAMA BARAKA: Huja. Jumamosi iliyopita nilimuuliza habari za wajukuu, akanieleza kutoka mtoni hadi juu kabisa ya mlima, na hakuhema hata mara moja.