Rubani wa Dakota Queen: George McGovern katika Anga ya Ulaya, 1944–1945

Ndugu wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa, wengi wenu mkisikia jina la George McGovern mnamkumbuka seneta wa South Dakota aliyepinga vita vya Vietnam, kisha akabwagwa na Richard Nixon katika majimbo 49 kati ya 50 kwenye uchaguzi wa urais wa mwaka 1972. Wapinzani wake walimtangaza kuwa mtu goigoi. Naye, kwa sababu ambazo mimi naziona za kiungwana kuliko za kisiasa, hakupenda kujinadi kwa vita alivyopigana, yaani Vita vya Pili vya Dunia. Leo nitavizungumzia vita hivyo.

McGovern alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, akakulia Mitchell, mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Mnamo Septemba 1944 alipelekwa Italia, katika kundi la 455 la ndege za mabomu, lililokuwa na kituo karibu na Cerignola. Alirusha B-24 Liberator, akaiita Dakota Queen kwa heshima ya mkewe, Eleanor. Alitakiwa kutimiza safari 35 za mapigano, akazitimiza.

Naomba tuitazame ndege hiyo kidogo, maana anayeifikiria kama ndege ya abiria ya siku hizi hataielewa kazi yenyewe. Ilikuwa na injini nne na kwa kawaida ilibeba watu kumi. Ilipaa zaidi ya mita 6,000, lakini ndani haikuhifadhi hewa wala joto. Watu walivuta oksijeni kwa barakoa, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba aliyeshika chuma kwa mkono mtupu aliweza kuiacha ngozi yake hapohapo. Usukani ulikuwa mzito, na rubani alipaswa kuukaza kwa saa nyingi ili asiachane na msafara wala asigongane na jirani yake. Walipoikaribia shabaha, hata kukwepa hakuruhusiwa: mizinga ilirindima kutoka chini, vipande vya chuma vikatapakaa angani, na rubani akabaki katika mwendo uleule na kimo kilekile mpaka mlenga mabomu amalize kazi yake.

Desemba 1944, katika shambulio dhidi ya viwanda vya silaha vya Škoda mjini Pilsen, Chekoslovakia, injini moja ilizima na nyingine ikawaka moto. Kwa kuwa asingeweza kufika Italia, McGovern aliielekea Vis, kisiwa cha pwani ya Yugoslavia, kwenye uwanja mfupi wa Waingereza uliokusudiwa ndege ndogo za kivita, ambapo wengine waliojaribu kutua na ndege kubwa walikuwa wamekwisha kufa. Alitua, watu wake wakaokoka, akatunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross. Safari yake ya mwisho, ya kuupiga mji wa Linz nchini Austria, tarehe 25 Aprili 1945, aliikamilisha ndege ikiwa na matundu 110 na mfumo wa haidroliki ukiwa umekufa.

Tukio lililomkaa moyoni zaidi, hata hivyo, halikumletea nishani yoyote. Katika moja ya safari za mwaka 1945 bomu moja lilikwama ndani ya ndege, na kutua nalo kungekuwa sawa na kujiua. McGovern alijitenga na msafara na kushuka chini, watu wake wakahangaika nalo mpaka likachomoka, nalo likaangukia nyumba ya mkulima nchini Austria. Alitazama saa: ilikuwa adhuhuri. Yeye aliyekulia kati ya wakulima alijua kwamba saa hiyo familia huwa mezani. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliporudi kituoni alipokea habari kwamba mkewe amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza. Rubani wa mabomu kwa kawaida haoni anayempiga. Mji mzima kwake ni moshi tu. Siku hiyo McGovern aliona.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1985, alilisimulia jambo hilo kwenye televisheni ya Austria. Mkulima mmoja akapiga simu kituoni na kusema kwamba nyumba ile ilikuwa yake. Kwamba aliiona ndege ikija, akamtoa mkewe na mabinti zao, wakajificha mtaroni, na hakuna aliyeumia. Akaongeza kwamba alimchukia Hitler, na kama bomu lile lilifupisha vita japo kwa saa moja, nyumba yake haikupotea bure.

Wako wanaosema simu hiyo ilifunga hesabu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mabomu mengine aliyoyabeba yaliangukia watu ambao hawakupata nafasi ya kupiga simu. McGovern mwenyewe hakujutia kupigana na Hitler, na aliamini mpaka alipofariki mwaka 2012 kwamba vita hivyo vilipaswa kupiganwa. Lakini ni rubani huyohuyo aliyesimama Seneti mnamo Septemba 1970, wakati wa mjadala wa kuyaondoa majeshi Vietnam, akawaambia wenzake kwamba ukumbi ule unanuka damu. Seneta mmoja alimfuata kumweleza kuwa maneno hayo yamemuudhi, naye akamjibu kwamba hilo ndilo alilokusudia.