Mzee aliyekalia mkono wake

Mbukwenyi! Haya, leo sianzi na nadharia za kuitafiti serikali, mnazo kwenye makabrasha yenu na mi nimeshazichoka. Naanza na mzee wangu, mlionisikia mwaka jana mnivumilie tu.

Nilienda kijiji kimoja hapa hapa nje ya Dodoma mjini, kibali cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, ninacho, barua ya mkoa ninayo, ya wilaya ninayo, mtendaji wa kijiji kagonga mhuri wake halafu kanipa mgambo wa kunisindikiza, yani nikajiona mtafiti kamili. Mzee kanikaribisha chini ya mbuyu, tukapiga stori za mvua, uwele, ng'ombe, mpaka nilipochomoa fomu ya ridhaa, aweke kidole kwamba kakubali kuhojiwa. Kimya. Akautazama mhuri, akamtazama mgambo, halafu mkono wake wa kulia akaukalia. Akaukalia kabisa! "Mwanangu, maneno ntakupa mpaka jioni, kidole sikupi. Nyie wa karatasi mkishapata kidole hamrudi, anarudi mwenye kamba na vigingi."

Mi nimeenda kuitafiti serikali, kumbe kwa yule mzee serikali ndo mimi.

Naona mtu kule nyuma anatikisa kichwa, eti mzee hajaelewa maadili ya utafiti. Hebu tuache! Mtu kahamishiwa kijiji cha ujamaa kwenye Operesheni Dodoma ya 1971, miaka miwili baadaye makao makuu yakaamuliwa yaje huku na mashamba yakaanza kugeuka viwanja, kodi ya maendeleo kakimbizana nayo mpaka ilipofutwa 2003, huyo umfundishe nini kuhusu karatasi? Fomu yenyewe inamlinda nani kama sio chuo? Halafu watu tunaowahoji tunawaita "watoa taarifa", jamani, neno la polisi hilo, afu unashangaa ukimuuliza ana mbuzi wangapi anakutajia wawili na wengine unawasikia wanalia nyuma ya nyumba.

Na mgambo je? Tunarudi njiani ananiuliza, bosi, ukifika mjini huwezi kunifuatilia posho yangu, huku serikali haitujui. Yeye! Na kirungu mkononi!

Hapo ndo nilitaka kumleta Philip Abrams, mwanasosiolojia wa Uingereza, alishasema 1977 kwamba hiyo serikali tunayodhani imejificha nyuma ya pazia haipo, pazia lenyewe ndo tunaliita serikali, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Ya wanaotafiti maofisini kule Mtumba, mji wa serikali, nayo basi, tutaongea kwenye chai.

Nini? Fomu? Haikusainiwa. Aliyesaini ni mimi, kwenye daftari la shule la mjukuu wake, jina, ninakokaa, na baba yangu ni nani.