Pakiti Iko Pipani, Sigara Iko Kikombeni

Asanteni, asanteni, kaeni. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojipanga kule karibu na mlango kama watu wa kutoroka, nawasalimu nyote. Wengine mlinisikia Likoni, mkanisikia Kisauni, na leo mtasikia yale yale, mniwie radhi tu, mimi wimbo wangu ni mmoja.

Habari ya saratani na mapafu naruka. Mnajua. Hata mvutaji mwenyewe anajua, anakohoa huku anajua. Mimi nataka tuzungumze sheria. Hapa Kenya tuna Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007, ikaanza kazi Julai 2008, na humo imeandikwa kwamba sigara haiuzwi mpaka iwe ndani ya pakiti, na pakiti isipungue sigara kumi. Kumi jamani. Sio tatu, sio moja na peremende ya kuua harufu.

Sasa kuna duka moja mtaani kwangu, jina sitaji, nadaiwa mkate pale. Juzi nimekaa kwa benchi la mama wa mahamri, tunatazamana na lile duka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nina mbaazi zangu na mahamri mawili. Mwenye duka kafungua dirisha, katoa pakiti mbili mpya, kachana nailoni, kazimwaga sigara zote kwa kikombe cha plastiki cha bluu, zikasimama mle kama miswaki, pakiti zenyewe akazitupa pipani. Laita iko pale pale, imefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye nondo ya dirisha ili isitembee. Nikasema leo nahesabu. Mpaka saa mbili wamekuja watu 19 wa sigara, na aliyenunua pakiti ni mmoja, tena huyo kaitia mfukoni hata hakuitazama. 18 waliobaki ni moja, moja, mbili, moja. Na katika hao kuna kijana kavaa sweta ya shule, kapewa bila swali, nilipomuuliza mwenye duka akaniambia "ametumwa na mjomba wake." Huyo mjomba basi ana kazi, maana kila duka ninalouliza katuma mtoto! Na sheria haikuandika kwamba aliye chini ya miaka 18 asiuziwe isipokuwa ametumwa.

Mtaniuliza, mzee, kikombe kina ubaya gani? Ngoja. Onyo la maandishi tulikuwa nalo tangu mwanzo, asilimia 30 ya pakiti mbele, 50 nyuma. Halafu zikaja Kanuni za 2014 zikasema maandishi hayatoshi, tuweke picha, mtu aone koo lilivyooza. Kampuni ya sigara ya BAT ikaenda kortini Aprili 2015 kuzipinga. Mahakama Kuu ikawakatalia Machi 2016, wakakata rufaa, wakakataliwa Februari 2017, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, nako wakakataliwa Novemba 2019. Hesabu wenyewe hiyo ni miaka mingapi, mawakili na mafaili na majoho, na picha ikawa mojawapo ya yaliyogombaniwa. Tukashinda, nami nilifurahi, siku ile nilinunua soda. Lakini ile picha iko wapi sasa hivi? Iko pipani chini ya kaunta, tangu saa kumi na mbili na nusu! Wale 18 hawajaiona. Yule kijana wa sweta hajaiona, ameona kikombe cha bluu.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, huyu mzee anataka kuwanyima maskini, bodaboda hana pesa ya pakiti nzima atavuta nini. Asivute, si ndiyo maana ya sheria? Pakiti ya kumi ni bei ya chakula cha mchana, mtu ataifikiria mara mbili, lakini moja ni chenji, chenji haifikiriwi. Mimi mwenyewe nilianza kwa moja, tena nusu, tulikuwa tunapokezana watatu nyuma ya msikiti, Mungu anisamehe, na kama ingekuwa lazima tununue pakiti tungekula viazi karai tukaenda zetu nyumbani.

Wala sisemi mwenye duka afungwe. Ana watoto. Nasema hivi, afisa wa afya wa kaunti akija kukagua leseni, macho anayo, kikombe kiko mbele yake, kwa nini anaangalia leseni peke yake? Na yule anayeleta mzigo kwa gari kila wiki, yeye haoni? Badala yake tunakimbizana na mvutaji stejini, kuvuta hadharani ni faini mpaka elfu 50 au jela miezi 6, kijana anashikwa, anatetemeka, na mnajua vizuri ile elfu 50 inavyogeuka kuwa mia mbili kabla ya kufika kituoni. Msicheke. Alikoinunua ni hatua ishirini kutoka pale aliposhikwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nizungumze ile asilimia 2 ambayo kampuni zinatakiwa kuchangia Mfuko wa Udhibiti wa Tumbaku, hiyo ina mambo, basi siku nyingine. Shisha, kwa ufupi, ilipigwa marufuku Desemba 2017, watu wakashikwa miaka na miaka, halafu 2024 korti ya Shanzu hapa hapa kwetu ikaachilia watu kwa sababu kanuni za marufuku hiyo hazikupitishwa na Bunge inavyotakiwa. Karatasi haikupelekwa! Mnaona kazi yetu ilivyo? Na vile vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni, wazazi, mnaosema mwanangu anatafuna Big G tu, mwambieni afungue mdomo.

Haya mwenyekiti, nakaa. Yule baba wa duka pale katikati ameinua mkono tangu niliposema kikombe, mpeni maiki, naona ana hasira na mimi.